Shajara ya Mradi: Mvinyo wa Mtungi Chini ya Vilima vya Ngong

Agosti, kabla ya kupogoa

Mradi huu una lengo moja, nalo ni kutengeneza mvinyo wa familia kutokana na zabibu za shamba letu la nusu eka lililoko upande wa Karen, Nairobi, kwa njia za mkono ambazo familia ndogo za wakulima wa Georgia, Ureno na Ufaransa zimezitumia kwa karne nyingi. Tumejiwekea sharti kwamba hakuna njia itakayoingia shambani kwetu kabla hatujajua ilibuniwa kwa sababu gani, na kama sababu hiyo ipo hapa. Sharti hili tulikubaliana sote, mama, shangazi, binamu zangu na mimi, kwa kuwa ni rahisi mno kuiga sura ya jambo la kale na kuacha maana yake. Wageorgia huzika mitungi yao ardhini kwa sababu, na wakulima wa bonde la Douro, Ureno, hukanyaga zabibu kwa miguu kwa sababu, lakini sababu zao zilizaliwa katika nchi zenye majira manne. Sisi tuko karibu na Ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, tukiwa na mvua mbili kwa mwaka na baridi ya Julai ambayo mzabibu hauihesabu kuwa baridi.

Hilo la baridi ndilo tatizo la kwanza. Katika nchi za asili yake, mzabibu wa mvinyo hupukutisha majani, hulala majira yote ya baridi, kisha huamka kwa pamoja joto linaporejea, na kalenda nzima ya mashamba ya kale, kuanzia kupogoa hadi kukamua, imejengwa juu ya usingizi huo. Nairobi, hata usiku wa Julai, joto kwa kawaida hukomea nyuzi 10 hivi, na mzabibu haulali. Hubaki kijani mwaka mzima, tawi moja likichanua huku jingine likiwa limebeba vichala vilivyoiva, na mkulima akiuacha hivyo atavuna kikapu leo na kikapu kingine baada ya wiki mbili, kiasi kisichoweza kujaza hata mtungi mmoja. Kazi ambayo kule hufanywa na majira, hapa sharti ifanywe na mkasi.

Mifano iliyo karibu na hali yetu ni miwili. Wakulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo linalowezekana kwa kuwa eneo lao ni kame na lina msimu mmoja wa mvua. Wale wa Nashik, katika jimbo la Maharashtra nchini India, hupogoa mara mbili lakini huvuna mara moja: mkato wa Aprili ni wa kukuza matawi tu, na ule wa Septemba au Oktoba ndio wa kuzaa. Tumechagua mtindo wa Nashik. Mavuno ya pili hapa yangeangukia Julai na Agosti, wakati anga la Nairobi hufunikwa na mawingu siku nyingi mfululizo na zabibu hazipati jua la kutengeneza sukari. Isitoshe, mzabibu unaolazimishwa kuzaa mara mbili huchoka mapema. Shangazi alipendelea mavuno mawili, na hoja yake kwamba shamba dogo haliwezi kukaa nusu mwaka bila kuleta chochote ni hoja nzito. Hata hivyo, nusu eka ikitoa mvinyo mmoja ulioiva vizuri ina faida kuliko ikitoa miwili iliyo chapwa, na mwishowe alikubali.

Septemba, kupogoa

Maji ya mabomba ya matone yalifungwa mapema ili mizabibu ipate kiu na kusita kukua, kisha majani yote yaliyosalia yakang'olewa kwa mkono, mzabibu mmoja baada ya mwingine. Hii ndiyo baridi yetu ya kutengeneza. Kazi yenyewe ni ya taratibu, kwa sababu kikonyo cha jani kikivutwa kuelekea chini huondoka na jicho lililo kwapani mwake, na jicho hilo ndilo chipukizi la msimu ujao. Sharti jani lisukumwe kuelekea juu, kidole gumba kikiwa kimelikinga jicho.

Mkato ulifanywa kwa mshazari, juu kidogo ya jicho la pili, mteremko wa jeraha ukielekea upande usio na jicho. Sababu ilionekana ndani ya saa chache: kila ncha iliyokatwa ilianza kudondosha maji maangavu, tone kwa tone, na matone yale yangetiririkia jicho yangeliozesha. Tuliacha macho mawili tu kwa kila tawi. Matawi marefu yana kasoro kubwa katika nchi za joto, kwani macho ya nchani huamka kwanza na kuyazuia yale ya chini yasiamke kabisa, na bila baridi ya kuyasawazisha, tawi zima huishia kuwa na majani mwishoni na upara katikati.

Wakulima wengi wa nchi za joto huyaamsha macho kwa dawa ya sianamidi ya haidrojeni, ambayo ni sumu kali kwa anayeipulizia. Hatukuitaka karibu na nyumba. Kwenye baadhi ya safu za Chenin Blanc, zabibu zetu nyeupe, tulipaka majeraha rojo la kitunguu saumu kilichopondwa, jambo lililokwisha kujaribiwa na watafiti wa Japani, na safu hizo zilichipua kwa pamoja kuliko jirani zake. Syrah, zabibu zetu nyekundu, haikuhitaji msaada wowote.

Novemba, mvua za vuli

Gharama ya kupogoa Septemba ni kwamba maua hufunguka mvua zikiwa zinanyesha. Ubwiri vinyoya uliingia kama tulivyotarajia, ukianza na madoa ya manjano yanayong'aa kama mafuta juu ya jani, na chini yake unyoya mweupe unaoonekana vizuri asubuhi kabla jua halijakausha umande.

Dawa tuliyotumia ni mrututu na chokaa, na historia yake inafaa kuwekwa katika shajara hii. Ubwiri huu si ugonjwa wa kale wa Ulaya. Ulitoka Amerika na kuonekana Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1870, baada ya mdudu filoksera, naye kutoka Amerika, kuwa ameshaharibu mashamba mengi ya nchi hiyo. Katika wilaya ya Médoc, karibu na Bordeaux, wakulima walikuwa na desturi ya kunyunyizia mizabibu ya kandokando ya barabara mchanganyiko wa mrututu na chokaa ili rangi yake ya kibuluu iwatishe wapita njia waliozoea kudokoa zabibu. Profesa Pierre-Marie-Alexis Millardet wa Bordeaux aligundua kwamba mizabibu hiyo ya kando ya barabara ilibaki na majani yake wakati ile ya ndani ilikuwa imepukutika, akalifanyia jambo hilo utafiti, na kufikia mwaka 1885 alikuwa ameitangaza dawa ambayo hadi leo inaitwa kwa jina la mji wake. Ninaipenda habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba desturi inaweza kuwa na manufaa yasiyojulikana hata na wenye desturi, mradi awepo mtu wa kuitazama kwa makini.

Dawa hiyo haipaswi kutumiwa bila kipimo. Shaba iliyomo ndani ya mrututu haiozi wala haipotei. Hubaki katika udongo wa juu na kuwadhuru minyoo, na ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika kipindi cha miaka 7. Tulinyunyiza kidogo, baada ya kila mvua kubwa, na tukasimamisha kabisa zabibu zilipoanza kubadilika rangi, kwani shaba ikiingia kwenye juisi huisumbua hamira. Kilichosaidia zaidi ni kuondoa majani yaliyozunguka vichala upande wa mashariki, ili jua la asubuhi lifike ndani na upepo upite.

Desemba na Januari, mitungi

Kati ya sehemu zote za mradi, hii ndiyo niliyoisubiri kwa hamu kubwa. Njia ya Georgia ya kuchachusha mvinyo ndani ya mitungi ya udongo iliyozikwa, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2013 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika, ina mizizi mirefu sana: vigae vilivyochimbuliwa katika nchi hiyo vina mabaki ya mvinyo ya miaka 8,000 hivi iliyopita. Mtungi wa kule hujengwa kwa pete za udongo kwa wiki kadhaa, huchomwa katika tanuri kwa moto mkali, na kupakwa nta ya nyuki ndani ungali na joto.

Hapa hatuna tanuri za namna hiyo, lakini tuna wafinyanzi. Tuliyemwendea ni mama mmoja mwenye asili ya Nyanza, aliyejifunza kazi kwa mamake na ambaye mitungi yake ya maji hupoza maji hata wakati wa kiangazi kikali. Tulipomweleza tunachokitaka alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, mtungi usiotoa jasho utapozaje kitu?" Swali lake liligusa kiini cha jambo. Mtungi wa maji huchomwa kwa moto wa wazi, wa nyasi na kuni, usiodumu, na udongo wake hubaki na vinyweleo vingi. Maji hupenya polepole hadi nje, hukauka kwa hewa, na yanapokauka huondoka na joto. Vinyweleo hivyohivyo ndivyo vinavyoingiza oksijeni, na oksijeni ndiyo inayowapa bakteria wa siki nafasi ya kuugeuza mvinyo. Ubora wa chombo kimoja ni kasoro ya kingine. Mama yule aliposikia hayo alipunguza mchanga katika udongo wake, akausugua mtungi ndani kwa jiwe laini mpaka ukang'aa, akaongeza muda wa moto.

Kupaka nta kulifanyika nyumbani, kwa nta ya Mwingi. Mtungi ulilazwa juu ya makaa machache na kugeuzwageuzwa hadi ukuta wake ukawa moto kiasi kwamba mkono hauwezi kubaki juu yake. Nta iliyoyeyushwa ikamiminwa ndani, mtungi ukaviringishwa, na hapo ndipo mtu anaona udongo ukinywa: nta inayong'aa hufifia, doa kwa doa, hadi uso wote unakuwa mkavu tena. Inaongezwa nyingine, inanyweka, mpaka udongo uache kunywa, kisha inayobaki humwagwa nje. Nta inayokaa juu ya udongo bila kunyweka si kinga, kwani hubanduka vipande vipande mtungi unapopoa.

Kuhusu kuzika, tulijiuliza kama sababu ya Wageorgia inasimama hapa. Kule ardhi huukinga mvinyo na joto la kiangazi na barafu ya majira ya baridi. Nairobi tofauti kubwa ni ile ya mchana na usiku, na ardhi, kwa kina cha mita moja, hukaa karibu na wastani wa joto la mwaka, ambao hapa ni nyuzi 19 hivi. Kwa uchachukaji, ubaridi huo unatosha, kwa kuwa mvinyo mwekundu huchachuka vyema kati ya nyuzi 25 na 30, na mtungi usio na pa kupeleka joto lake unaweza kupita 35 na kuiua hamira. Kwa kuhifadhi miaka mingi, nyuzi 19 ni joto jingi mno. Mitungi ikazikwa hadi shingoni chini ya kibanda, ikizungukwa na mchanga uliolowa, maana mchanga wenye maji hubeba joto upesi kuliko mkavu, na tukaamua mapema kwamba mvinyo wetu utakuwa wa kunywewa ungali mpya.

Kibali cha kutengeneza, ambacho Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 inakitaka, kilipatikana katika kipindi hiki.

Februari, mavuno

Ndege walitupa kazi, na nyavu zikawazuia wengi wao. Usiku wa baridi wa Februari ndio hazina ya mwinuko wetu: jua la mchana huongeza sukari, na ubaridi wa alfajiri huzuia asidi isiteketee, kwa hiyo zabibu huiva bila kupoteza ukali unaoupa mvinyo uhai. Kipimo cha rifraktomita, chombo cha kupimia sukari, kilipofika Brix 22, yaani asilimia 22 hivi ya sukari, tulivuna, kabla jua halijachomoza, vichala vikikatwa na kulazwa katika kreti zisizo na kina. Kwa kuwa gramu 17 hivi za sukari katika lita ya juisi hutoa asilimia 1 ya kileo, tulitarajia mvinyo wa kati ya asilimia 12 na 13.

Hatukununua hamira. Siku chache kabla ya mavuno tulichuma vichala vizuri kabisa vya Syrah, tukavikanyaga ndani ya ndoo na kuviacha vichachuke kwa hamira iliyo kwenye maganda na shambani, ili ndoo hiyo ije kuanzisha tangi zima. Shangazi alipoiona akasema kwamba nyanya alifanya vivyo hivyo, ingawa kwa asali. Tunda la mwegea lililochemshwa na kukaushwa lilitiwa ndani ya muratina, pombe ya asali, na baada ya pombe kuwa tayari lilitolewa, likaanikwa na kutunzwa kwa mara nyingine, kwa sababu nyuzi zake zilikuwa zimejaa hamira iliyokwisha kuthibitika. Kuna hekima ileile katika ndoo yetu: hamira haiaminiwi kabla haijaonekana ikifanya kazi.

Syrah ilikanyagwa kwa miguu, kama inavyofanywa hadi leo ndani ya matangi ya mawe ya Douro kwa baadhi ya mvinyo bora wa porto. Sababu yake ni nzuri na inasimama popote. Unyayo hupasua ganda lakini hauvunji kokwa, na ndani ya kokwa mna tanini kali, yaani ukakasi unaokwaruza ulimi, na mafuta yanayochacha. Binamu zangu waliosha miguu kwa sabuni na kusuuza vizuri, wakapanga mstari, bega kwa bega, wakisogea polepole. Mwanzoni zabibu ni baridi na zinasukuma unyayo juu; baada ya muda mguu huanza kuzama, na juisi ya rangi ya waridi hupanda hadi katikati ya vigimbi vya miguu.

Machi, kuchachuka na kukamua

Maganda hupandishwa na gesi na kuunda tabaka nene juu ya juisi. Tabaka hilo lisiposukumwa chini hukauka, hupata joto na kuvutia inzi wa siki, na rangi iliyomo haitoki. Tulilisukuma asubuhi, mchana na jioni kwa mti wenye kibao mwishoni, na kila mara sauti ilikuwa ileile: mpasuko mkavu, kisha povu likipumua kwa nguvu.

Lita moja ya juisi yenye sukari hiyo hutoa zaidi ya lita 50 za kabonidayoksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni na mashimoni. Wakulima wa zamani wa Ulaya walishuka ghalani na mshumaa uliowashwa, na ukizimika walikimbia. Njia hiyo tumeikataa, kwani gesi inaweza kumzidi mtu nguvu hata mshumaa ukiwa bado unawaka. Kibanda chetu hakina ukuta upande mmoja, na hakuna anayeinama juu ya mtungi akiwa peke yake.

Shinikizo la kukamulia lilitengenezwa na fundi wa Kamukunji: kikapu cha mbao ngumu, parafujo katikati, na sahani ya chini ya chuma kisichoshika kutu. Tulisisitiza hilo la chuma, kwa kuwa asidi ya mvinyo huyeyusha chuma cha kawaida na mvinyo hupoteza uangavu na kupata ladha ya msumari. Ukamuaji wa taratibu, wa kukaza na kungoja, ulitoa mvinyo safi ambao mashine ya haraka isingetoa. Machicha yalirudi shambani kuwa mbolea.

Aprili

Mkato wa pili umefanyika, mfupi, na mizabibu imeachwa inywe mvua za masika na kujenga matawi bila mzigo wa matunda. Shaba haijatumika tena.

Juni, mitungi imefunguliwa

Chenin Blanc ilikaa na maganda yake ndani ya mitungi tangu mavuno. Wageorgia huuacha mvinyo wa namna hiyo kwa miezi mitano au sita. Kwa joto la ardhi yetu tulipunguza. Rangi yake ni ya kaharabu, harufu ni ya aprikoti kavu na nta, na ina mkwaruzo wa tanini ambao hautarajiwi katika zabibu nyeupe. Mama aliinywa na nyama ya mbuzi na kusema kwamba mvinyo mweupe wa dukani ungepotea mbele ya mafuta hayo, na ninakubaliana naye.

Mtungi mmoja umegeuka siki. Tulipouchimbua tuliona unyevu kwenye mkunjo wa shingo, mahali ambapo ukuta ni mnene na moto wa mfinyanzi haukufika sawasawa, na nta haikuingia. Siki yenyewe ni nzuri na inatumika jikoni. Mitungi mingine ilipokea salfa kidogo ya kuuhifadhi mvinyo kabla ya kufungwa tena kwa kifuniko cha jiwe na udongo mbichi. Wapo wanaoshikilia kwamba mvinyo wa asili hauna salfa kamwe, lakini wafanyabiashara wa Kiholanzi walikuwa wakichoma tambi za salfa ndani ya mapipa karne kadhaa zilizopita, na ghala la nyuzi 19 linaihitaji kuliko la nyuzi 12.

Syrah imehamishiwa vyombo vya kioo, ikaachwa mashapo yatuame. Asidi ya tufaha imeshageuka kuwa asidi ya maziwa bila kuongezwa kitu, na ukali wake umelainika.

Mama mfinyanzi ameuona mtungi uliovuja. Aliupasua mwenyewe, akatazama rangi ya udongo ndani ya mkunjo, nyeusi katikati na nyekundu kandoni, na akasema kwamba mitungi ya msimu ujao ataijenga bila mkunjo, shingo ikipanda moja kwa moja kutoka begani, na ataichoma mdomo ukiwa chini. Tumeagiza miwili ya namna hiyo, ifike kabla ya kupogoa kwa Septemba, ili ipate muda wa kujazwa maji na kuchunguzwa kabla ya kutiwa nta.